Pampasi Ngapi kwa Siku? Swali Linaloamua Usaili wa Kampuni za Ushauri

"Mteja wetu ni kampuni ya Nairobi inayotengeneza pampasi za watoto. Kenya imeshafanya vizuri, sasa inataka kuingia Tanzania. Unaishauri nini?"

Msaili akishasema hivyo hunyamaza. Mbele ya msailiwa kuna karatasi tupu na kalamu. Kikokotoo hakiruhusiwi, simu imezimwa, na mazungumzo yote yatachukua kama nusu saa, yakizidi sana dakika 40. Kesi hii nimeitunga mimi, lakini swali la kuingia soko jipya ni miongoni mwa maswali yanayorudiwa sana kwenye usaili wa kampuni za ushauri wa biashara: McKinsey, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1926, BCG ya mwaka 1963 na Bain ya mwaka 1973, zote mbili za Boston, pamoja na kampuni nyingine nyingi zilizofuata nyayo zao. McKinsey na BCG zina ofisi Nairobi, kwa hiyo si jambo la mbali tena. Kijana aliyesoma Mlimani, Makerere au Strathmore anaweza kuketi mbele ya swali hili wiki ijayo.

Ninaandika kwa sababu moja. Vijana wetu wengi wanaojiandaa kwa usaili huu ni hodari wa hesabu na wepesi wa kufikiri, lakini wakifika kwenye swali la soko wanaacha nje ya mlango kila wanachokijua kuhusu soko hilo. Wamekulia katika nyumba ambazo sabuni hununuliwa kipande na mafuta ya kupikia hupimwa kwa kibaba. Wanajua kwa nini duka fulani la mtaani linajaa watu na la jirani yake halina mteja. Wakiulizwa kuhusu Tanzania, wanajibu kama watu waliosoma habari zake kwenye kitabu kilichochapwa Marekani. Hilo linanisikitisha, maana hicho walichokiacha nje ndicho kingewapa kazi.

Vitabu hivyo vipo, na maarufu zaidi ni Case in Point cha Marc Cosentino. Vinafundisha mpangilio: angalia ukubwa wa soko, washindani, wateja, uwezo wa kampuni yenyewe, njia ya kuingia, kisha gharama na faida. Mpangilio wenyewe hauna ubaya. Tatizo ni kwamba msaili ameusikia asubuhi hiyohiyo kutoka kwa kila aliyetangulia. Anayeutaja wote kwa pumzi moja, kama anayesoma tangazo, amethibitisha tu kwamba alinunua kitabu.

Kabla ya kuchora kitu chochote kwenye karatasi, uliza kwa nini. Kwa nini kampuni inataka Tanzania, na kwa nini sasa? Je, kiwanda chake cha Nairobi kina mashine zilizosimama nusu ya siku? Je, mshindani ameanza kuibana Kenya? Au mwenye kampuni ameona mwenzake amevuka mpaka naye hataki kubaki nyuma? Majibu haya matatu yanazaa kesi tatu tofauti. Kama mashine zimesimama, hakuna haja ya kujenga kiwanda kipya, na kila pampasi ya ziada inagharimu kidogo. Kama shida ni mshindani, huenda fedha hizo zingefaa zaidi kulinda soko la Kenya. Msaili makini atakuwa na jibu mfukoni, na mara nyingi jibu hilo linakuja na lengo la namba: faida fulani ndani ya miaka mitatu, au gharama zirudi ndani ya miwili. Asiyeuliza lengo atafanya hesabu nusu saa nzima bila kujua kama jibu lake ni zuri au baya.

Kampuni kubwa duniani zimeumia kwa kutolitafakari swali la "kwa nini sasa". Mwaka 2011 Target, kampuni ya maduka ya Marekani, ilinunua haki za upangaji za maduka ya Zellers nchini Kanada kwa takriban dola bilioni 1.8 za nchi hiyo. Baada ya kutoa fedha hizo, kila jengo lililokaa wazi lilikuwa hasara, ikalazimika kwenda mbio. Ilifungua maduka 124 ndani ya mwaka 2013. Mfumo wake wa kompyuta wa kuagiza bidhaa ulijaa taarifa zenye makosa, rafu zikawa tupu huku maghala yakifurika. Januari 2015 ikatangaza kuondoka. Maduka 133 yakafungwa na watu zaidi ya 17,000 wakapoteza ajira. Kanada ni jirani, lugha ni ileile kwa sehemu kubwa, na wateja wengi walikuwa tayari wanavuka mpaka kwenda kununua Target. Soko lilikuwepo kweli. Kilichoiangusha kampuni ni kasi iliyolazimishwa na mkataba wa majengo.

Sasa turudi kwenye pampasi, tuhesabu.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania, na takriban asilimia 35 wanaishi mijini. Tuseme kila mwaka wanazaliwa watoto milioni 2.2. Walio chini ya miaka miwili, basi, ni zaidi kidogo ya milioni 4. Familia za mijini huzaa wachache kuliko za vijijini, kwa hiyo tusichukue asilimia 35 ya watoto hao. Tuchukue chini ya hapo, watoto milioni 1.3. Vijijini tunapaacha kwanza, na tunamwambia msaili waziwazi kwamba tumepaacha. Kati ya hao wa mijini, tuseme nusu wanavalishwa pampasi. Wanabaki watoto 650,000.

Hadi hapa karibu kila aliyejiandaa anafika. Kinachofuata ndicho kinachotenganisha watu. Mtoto mmoja anatumia pampasi ngapi kwa siku?

Wengi wanajibu sita. Kwa mtoto wa Chicago ni jibu la haki. Lakini nenda jioni ukasimame kwenye duka la Mangi, yule muuza duka wa mtaani, kule Manzese au Buguruni, Dar es Salaam. Atakuja mama amembeba mtoto mgongoni. "Mangi, nipe pampasi mbili, zile za saizi ya kati." Mangi ataingiza mkono kwenye pakiti iliyofunguliwa tangu asubuhi, atatoa mbili, atazifunga kwenye kipande cha gazeti na kupokea sarafu. Moja ni ya usiku, ili mama apate usingizi na godoro lisilowe. Nyingine ni ya kesho, kwa ajili ya kliniki au safari ya daladala. Mchana kutwa mtoto akiwa nyumbani anavaa nepi ya kitambaa inayofuliwa na kuanikwa. Zipo familia za Masaki na Mikocheni zinazotumia sita, zipo na zinazotumia moja tu ya usiku. Kwa wastani wa mijini, mbili ni kadirio ninaloweza kulitetea mbele ya mtu yeyote.

Watoto 650,000, pampasi mbili kwa siku, siku 365: pampasi milioni 475 kwa mwaka, kwa kukadiria. Ukiweka sita, inakuwa bilioni 1.4. Tofauti hii haiishii kwenye karatasi ya ukubwa wa soko, inakwenda kubadilisha jibu la kesi nzima, na tutaona jinsi inavyofanya hivyo hivi punde.

Tuseme mama ananunua pampasi moja kwa shilingi 400. Katika hizo, 140 zinaishia kwenye kodi na kwenye faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja. Kampuni inapokea 260. Kuitengeneza ni 170, kuisafirisha kutoka Nairobi hadi ghala la Dar es Salaam ni 30. Zinabaki shilingi 60. Upande wa pili kuna gharama zinazolipwa hata kama hakuna kilichouzwa: mishahara ya ofisi, kodi ya ghala, magari, matangazo ya redio. Tuziweke shilingi bilioni 3 kwa mwaka. Bilioni 3 gawanya kwa 60 ni milioni 50. Yaani kampuni lazima iuze pampasi milioni 50 kwa mwaka ili irudishe gharama zake tu, kabla ya kuona faida hata ya shilingi moja.

Aliyesema sita kwa siku atalinganisha milioni 50 na bilioni 1.4, apate asilimia 3.5, kisha atabasamu na kusema soko ni kubwa, tuingie. Aliyesema mbili atapata zaidi kidogo ya asilimia 10. Anayeelewa kazi hii ataweka kalamu chini na kuisema namba hiyo kwa lugha ambayo mkurugenzi yeyote anaielewa: katika kila pampasi kumi zinazonunuliwa miji yote ya Tanzania, moja lazima iwe yetu. Je, tunaamini hilo linawezekana?

Kwa maoni yangu hapo ndipo moyo wa kesi ulipo. Ukubwa wa soko peke yake haujibu chochote. Tanzania inaweza kuwa na watoto wengi kiasi chochote. Kinachoamua ni sehemu tunayoweza kuipata na njia ya kuifikia. Wasaili wengi watamwacha msailiwa afurahie namba yake kubwa, wakisubiri kuona kama atajiuliza mwenyewe. Akijiuliza, mazungumzo hubadilika na kuwa ya watu wawili wanaofanya kazi pamoja.

Basi tujiulize. Kwenye rafu ya Mangi tayari kuna Huggies na Pampers kwa wenye uwezo, na kuna Softcare, chapa iliyoanzishwa na kampuni ya Sunda yenye asili ya China, iliyojipenyeza katika nchi kadhaa za Afrika kwa bei ya kawaida na kwa kujenga viwanda barani humu. Mgeni anayetaka moja katika kumi lazima aseme kwa nini Mangi aondoe pakiti inayouzika na kuweka yake. Jibu rahisi ni kupunguza bei. Tuishushe hadi 370 na akina mama watakuja wenyewe.

Sina imani na jibu hilo, na sababu ipo kwenye kumbukumbu zetu wenyewe. Katika mwaka wa fedha 2018/19 Serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike ili wasichana wazipate kwa bei nafuu. Mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Unafuu ulibaki njiani, mikononi mwa wauzaji, haukumfikia binti aliyekusudiwa. Kijana anayeukumbuka mfano huu kwenye usaili ana silaha ambayo hakuna kitabu kitakachompa. Anaweza kusema: punguzo la shilingi 30 likitolewa kiwandani halitafika kwa mama, litaishia kwa muuzaji wa jumla wa Kariakoo. Kwa hiyo, badala ya kushusha bei, tumpe Mangi faida kubwa zaidi kwa kila pakiti, au tutoe pakiti ndogo yenye bei iliyochapwa juu yake ili kila mnunuzi aione. Hayo ni mapendekezo yenye miguu.

Njia ya kumfikia mteja imeamua kesi kubwa kuliko hii. M-Pesa ilizinduliwa Kenya na Safaricom mwaka 2007, na Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Huduma ni ileile, jina ni lilelile, nchi zinapakana. Baada ya miezi 14 Kenya ilikuwa na watumiaji kama milioni 2.7, Tanzania ikiwa na kama 280,000. Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa mno ya soko la simu Kenya, kwa hiyo aliyetuma na aliyepokea mara nyingi walikuwa kwenye mtandao mmoja. Vodacom iliongoza Tanzania, lakini ikigawana wateja na wapinzani wenye nguvu, na mawakala walitawanyika kwenye nchi kubwa zaidi. Baadaye Vodacom ilibadilisha namna ya kuwapata na kuwasimamia mawakala, na huduma ikashika kasi. Afrika Kusini mambo yakawa mengine kabisa. M-Pesa iliingia mwaka 2010 kwa ushirikiano na benki ya Nedbank, ikafungwa mwaka 2016, kwa sababu watu wengi wa huko tayari walikuwa na akaunti benki na mashine za kutolea fedha karibu nao. Shida iliyowafanya Wakenya waikimbilie M-Pesa haikuwepo kwa kiwango hicho.

Kuhusu namna ya kuingia, msailiwa hahitaji hotuba. Kuna kuuza kupitia msambazaji, kuna kushirikiana na mwenyeji, kuna kununua kampuni iliyopo, kuna kujenga ya kwako. Kwa pampasi za Nairobi, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki umekuwepo tangu mwaka 2005, hivyo bidhaa yenye cheti cha uasilia inaweza kupita Namanga bila ushuru wa forodha, ingawa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) bado litataka kujiridhisha na ubora wake. Hakuna sababu ya kujenga kiwanda kabla ya kujua kama Mangi ataiweka rafuni.

Lakini kuna hesabu moja ndogo hapa ambayo ningependa kila kijana aifanye. Tuseme kampuni inaacha kwanza Dar es Salaam na kuanza Arusha, Kilimanjaro na Mwanza kupitia msambazaji mwenye magari na wateja wake tayari. Msambazaji anachukua shilingi 25 katika zile 60, ila kwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo inaishia Arusha, karibu na mpaka, gharama ya safari inashuka kwa 15. Zinabaki 50. Gharama za kudumu zinaanguka kutoka bilioni 3 hadi, tuseme, milioni 400. Gawanya: pampasi milioni 8 zinatosha kurudisha gharama. Kama mikoa hiyo ni moja ya tano ya soko la mijini, ni pampasi milioni 95, na sehemu inayohitajika ni asilimia 8 na kitu. Karibu moja katika kumi na mbili.

Ukiangalia haraka utasema hatujapata nafuu yoyote: kutoka moja katika kumi hadi moja katika kumi na mbili. Nafuu ipo kwingine. Mpango wa kwanza ukishindikana, kwa mwaka mmoja kampuni imehatarisha bilioni 3. Wa pili, milioni 400. Ugumu wa soko umebaki karibu uleule, ila bei ya kukosea imeshuka zaidi ya mara saba. Msailiwa anayeweza kuona tofauti hiyo na kuieleza kwa sentensi mbili ameonyesha akili ambayo wateja wa kampuni hizi huilipia.

Hatari nyingine zitajwe kwa ufupi, na ziwe za mahali husika. Kampuni itauza kwa shilingi ya Tanzania na kulipa wafanyakazi wa kiwanda kwa shilingi ya Kenya. Safaricom inalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2021 yenyewe na washirika wake walishinda leseni ya simu Ethiopia kwa dola milioni 850, leseni ambayo mwanzoni haikujumuisha huduma ya fedha kwa simu. Wakafungua huduma rasmi Oktoba 2022, M-Pesa ikaruhusiwa na kuanza Agosti 2023. Halafu Julai 2024 Ethiopia ikaiachia sarafu yake ipangwe na soko, na ndani ya wiki chache birr ikapoteza karibu nusu ya thamani yake mbele ya dola. Nchi ya watu zaidi ya milioni 100, yenye kampuni moja tu ya simu kabla yao, ni soko ambalo kila kitabu kingelisifu. Bado mapato yake yanahesabiwa kwa birr.

Mwishoni msaili atasema: mkurugenzi wa kampuni ameingia, una dakika moja. Wengi huanza kusimulia safari yote tangu sensa. Jibu linatangulia, sababu zinafuata. "Mheshimiwa, ushauri wetu ni msiingie Tanzania nzima mwaka huu. Anzeni Arusha, Kilimanjaro na Mwanza kupitia msambazaji. Kuingia nchi nzima kunahitaji pampasi moja katika kila kumi za mijini iwe yenu, na bado hatujaona kitu kitakachomfanya mwenye duka awape nafasi hiyo. Kaskazini mtajifunza jambo hilohilo kwa gharama ndogo sana. Hatua ya kwanza ni wiki mbili madukani, kuuliza faida wanayopata kwenye chapa zilizopo na idadi wanayouza kwa siku."

Vijana wanaogopa kusema "msiingie". Wanadhani mshauri hulipwa kwa kukubali. Nawaambia kwa dhati kwamba hapana yenye hesabu inaheshimiwa kuliko ndiyo ya kufurahisha, na msaili ameketi pale akitafuta mtu ambaye anaweza kumpeleka mbele ya mteja na asitetereke.

Na atakujaribu. Atasema mkurugenzi hajaridhika, anataka Dar es Salaam mwaka huuhuu. Usibadilishe jibu kwa woga, wala usiling'ang'anie kwa kiburi. Mwambie ni kitu gani kingekubadilisha: kama baada ya miezi sita kaskazini pampasi yao imefikia moja katika kila kumi na mbili bila kushusha bei, waende Dar es Salaam mapema. Ikiwa chini ya moja katika ishirini, wasimame, wabaki na shilingi zao, warudi kuzitumia kulinda Kenya.